Msimkalishe Mama

Wanangu, siku hizi karibu kila nyumba ninayoingia nakuta jambo lilelile. Mama ana miaka sitini na kitu, magoti yanaanza kumsumbua, watoto wanashtuka, na kwa mapenzi yao wanamwondolea kazi moja baada ya nyingine. "Mama, sokoni usiende." "Mama, usifue, dada yupo." "Mama, tulia hapo hapo, maji nakuletea." Chumba chake kinahamishiwa chini ili asipande ngazi. Kigoda kinafichwa, anawekewa kochi lenye mito. Mwaka ukipita, yule aliyekuwa akiinuka kwa maumivu sasa hainuki bila kushikwa mkono, na jamaa wanasema ugonjwa umemzidi. Ugonjwa upo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya kilichomzidi ni kule kukaa.

Nimefanya kazi ya tiba ya viungo hospitalini mpaka nikastaafu, na sasa goti langu la kulia nalo limeingia katika ugonjwa huohuo, kwa hiyo nauzungumza kutoka pande zote mbili. Naomba mnisikilize kwa jambo moja. Goti linalouma linataka kusogezwa, kwa upole na kila siku, na mtoto anayempenda mama yake ajifunze kusogea naye. Njia ya kusogea ninayotaka kuwaeleza leo ni yoga, kwa sababu wengi mnaiona kwenye simu mkadhani ni ya vijana wenye viungo laini, na mama zenu wakiisikia ama wanacheka ama wanaogopa.

Kwanza mjue kinachotokea ndani. Mtaani tunaambizana goti limesagika, ute umekwisha, na papo hapo mtu anapewa glasi ya maji yaliyolazwa bamia. Bamia ni mboga nzuri na mama aile, ila ule utelezi wake humeng'enywa tumboni pamoja na chakula kingine. Hauna njia ya kufika gotini. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimevikwa gegedu, tabaka jeupe, imara, lenye kuteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute wa kiungo, na namna linavyokipata ndiyo habari yenyewe: ukikanyaga linakamuliwa kama dodoki, ukiinua mguu linanyonya tena. Goti lisilosogea linashinda na njaa. Ugonjwa ukiingia, gegedu hukonda na kuchanika, mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vijimwiba pembeni, na utando wa ndani huvimba. Utando huo ukivimba, ute huongezeka. Ndiyo maana magoti mengi yaliyoambiwa yamekauka, ukiyashika utayakuta yamejaa maji.

Kisha kuna msuli. Mbele ya paja upo msuli mkubwa unaonyoosha goti na kupokea kishindo cha kila hatua. Goti likiuma, mwili wenyewe huuzuia msuli huo usikaze sawasawa. Mama akikaa, unanyauka. Ukinyauka, kishindo chote kinashukia kwenye kiungo, kiungo kinauma zaidi, mama anakaa zaidi. Mgonjwa akiletwa kwangu nilikuwa natazama mapaja yake kabla ya kugusa goti. Paja la upande wenye maumivu mara nyingi huwa jembamba, na unaweza kuliona hata akiwa amejifunga kanga. Gegedu lililokwenda halirudi kwa mazoezi, na yeyote anayewaahidi hivyo anataka fedha zenu. Msuli ndio unaorudi. Hata mtu wa miaka themanini au tisini, msuli wake ukifanyishwa kazi hupata nguvu tena. Tumaini la mama yenu liko hapo.

Wala asijione ana mkosi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 528 waliokuwa wakiishi na ugonjwa huu wa viungo mwaka 2019, na kiungo kinachoongoza ni goti, watu milioni 365. Karibu asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake, na asilimia 73 wamevuka miaka 55. Mkitoka naye kupiga picha ya eksirei, chungeni midomo yenu. Picha na maumivu haviendi sambamba: nimewaona wenye picha ya kutisha wanaotembea mpaka shamba na kurudi, na wenye picha nzuri wanaolia usiku. Mama akisikia watoto wake wakisema magoti yake "yamekwisha," huanza kuogopa kila hatua, na hofu hiyo humkalisha kuliko ule mfupa. Mwambieni goti limechoka na linahitaji msaada wa paja. Ni kweli, na neno hilo linampa kazi ya kufanya.

Sasa yoga. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wakiongozwa na Corjena Cheung, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wanawake 36 wenye ugonjwa huu wa goti. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Nusu walianza yoga, nusu wakasubiri zamu yao ili walinganishwe na wenzao. Kwa wiki 8 walihudhuria darasa la saa nzima mara moja kwa wiki, na siku nyingine wakaagizwa wafanye wenyewe nyumbani. Walipopimwa, wale wa yoga walikuwa na maumivu machache zaidi na magoti yasiyokakamaa sana. Na kile kipimo ambacho sisi wa tiba ya viungo tunakiamini mno, cha kuinuka kitini na kuketi mara kadhaa mfululizo, walikifanya vizuri zaidi. Hakuna aliyeumizwa na mazoezi hayo. Lililonigusa zaidi ni hesabu ya nyumbani: kwa wastani walifanya dakika 112 kwa wiki bila mwalimu. Bibi wa miaka 72, peke yake sebuleni kwake, karibu saa mbili kila wiki. Haya mambo yanawezekana.

Mtu wa sayansi atawaambia wanawake 36 ni kundi dogo, na ni kweli. Lakini mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, kilichapisha jaribio la watu 117, wake kwa waume, likilinganisha yoga na mazoezi ya kuimarisha misuli ambayo ndiyo tuliyozoea kuwapa wagonjwa. Yoga haikuachwa nyuma katika kupunguza maumivu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kinasisitiza kwa nguvu mazoezi na kupunguza uzito kwa wenye ugonjwa wa goti, na yoga kinaipendekeza kwa mkazo mdogo kidogo. Naukubali mpangilio huo. Kinachomponya mama na adha ya goti ni kusogea, na kama yeye anapenda kutembea au kucheza ngoma na wenzake, atembee na acheze. Ninaitaja yoga kwa sababu ina mambo matatu ambayo mazoezi yetu ya hospitali mara nyingi huyasahau: inafundisha pumzi, inafundisha kusimama bila kuyumba, na inamwacha mtu ametulia. Mzee mwenye goti bovu anaogopa kuanguka kuliko anavyoogopa maumivu, na usiku halali vizuri. Zoezi linalogusa goti peke yake halijamfikia.

Aliyewafungulia wazee mlango huu kuliko wengi ni B.K.S. Iyengar, mwalimu aliyezaliwa kusini mwa India mwaka 1918 na kufundisha miaka mingi mjini Pune, mpaka alipofariki mwaka 2014. Utoto wake ulikuwa wa maradhi, na nadhani ndiyo maana hakuudharau mwili usioweza. Alileta viti, mikanda, blanketi na vipande vya mbao darasani, ili mkono usiofika chini ukute kitu cha kushika na mguu usioinuka upate wa kuuinua. Binti yake, Geeta, akaandika kitabu kizima juu ya yoga ya wanawake. Mkiona kwenye simu yenu msichana amejikunja mpaka kichwa kikagusa nyayo, hiyo ni yoga yake yeye. Ya mama yenu inahitaji kiti na kanga.

Najua nyumba nyingine swali la kwanza litakuwa la dini, na lisidharauliwe. Yoga ilizaliwa katika imani ya watu wa India, na mtu mwenye dini yake ana haki ya kuuliza. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga inayochanganya mazoezi na ibada na maneno ya dini ya Kihindu, na waziri mkuu wao wa wakati ule akafafanua kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na maneno hayo yanaweza kuendelea. Saudi Arabia yenyewe iliitambua yoga kuwa michezo mwaka 2017, baada ya juhudi za muda mrefu za mwanamke wa huko, Nouf Marwaai, ambaye aliifuata yoga kwa sababu ya maradhi yake mwenyewe. Ninayowaeleza hapa hayana wimbo, hayana sanamu, hayana kumwinamia yeyote. Mama ahesabu pumzi zake, basi, na asiyeridhika amuulize shehe au mchungaji wake kabla ya kuanza, aanze akiwa na moyo mweupe. Nami nina jambo la kuongeza kwa nyumba za Waislamu. Wapo kina mama wanaoswali kitini miaka kadhaa sasa. Dini imewaruhusu na swala yao ni kamili, lakini ukikaa nao wanakwambia wanautamani mswala. Siwezi kumwahidi mtu kwamba atarudi kusujudu. Naweza kusema kwamba paja lenye nguvu ndilo linalomshusha mtu na kumwinua, na asiye nalo hana njia ya kujaribu.

Sasa tuje nyumbani. Tafuteni kiti cha mbao au cha chuma chenye miguu minne imara, mkiegemeze ukutani. Kiti chepesi cha plastiki hapana. Miguu yake hutanuka na kuteleza juu ya vigae. Mkeka nao hapana, kwa sababu hiyohiyo. Mama awe peku kwenye sakafu kavu. Dera lipandishwe na kufungwa kiunoni, ndani avae suruali laini, kwa sababu pindo refu ndilo linaloangusha watu wakirudisha mguu nyuma. Msianze alfajiri goti likiwa limekakamaa. Aamke, azunguke nyumbani kidogo, aoge maji ya vuguvugu, ndipo muanze. Wewe mtoto usisimame pembeni umefunga mikono ukimkosoa. Vuta kiti chako, kaa mkabala naye, fanya anachofanya.

Aketi sehemu ya mbele ya kiti bila kuegemea, nyayo zote mbili chini, miguu imeachana upana wa nyonga. Avute pumzi kwa pua polepole, aitoe polepole zaidi, mpaka mabega yashuke. Kisha anyooshe mguu mmoja mbele, kisigino kikigusa sakafu, vidole vya mguu vikitazama juu, akaze paja. Tazama pia ya goti: paja likikaza kwelikweli, utaiona ikipanda juu kidogo. Isipopanda, msuli umelala. Weka kiganja chako juu ya paja lake na umwambie akisukume kiganja kwa msuli. Mara nyingi mama mwenyewe hushangaa, maana alikuwa hajui kwamba ameacha kuutumia. Ashikilie kwa pumzi tano, asizibane, aachie, aende mguu wa pili.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuinuka kitini. Visigino virudi nyuma ya magoti kidogo, kifua kije mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha asukume sakafu na kusimama. Hapa muwe na macho. Magoti yakielekeana ndani, mwambie ayafungue yafuate vidole vya miguu. Ukifunga kanga kuzunguka mapaja yote mawili na kumwambia aivute wazi, mwili wake utaelewa upesi kuliko maelezo yako. Akishindwa kuinuka, usimvute mkono. Kunja blanketi uliweke kitini ili kikao kipande, kwa kuwa kiti kirefu humpunguzia goti mzigo. Wiki zikienda, punguza unene wa blanketi. Na kuketi nako kuna adabu yake. Wengi hushuka nusu kisha wakajitupa. Mwambie ashuke akihesabu mpaka nne, kwa sababu kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Mara tano zinamtosha kwa kuanzia, na akifanya mbili siku ya kwanza, mshukuruni Mungu kwa mbili.

Akisimama, ashike mgongo wa kiti na atulie. Watu wa yoga huuita huo mkao wa mlima. Utadhani hafanyi lolote, lakini mtazame: uzito wote ameuweka mguu mzima, ule mbovu ameuegesha tu. Pengine amesimama hivyo miaka. Auhamishe taratibu mpaka nyayo zote mbili zibebe sawa, apumue hapo. Akizoea, arudishe mguu mmoja nyuma na kukunja kidogo goti la mbele, lisivuke vidole vya mguu, mikono ingali kitini.

Ya mwisho ni ya kulala chali, na kama kushuka sakafuni ni kazi, godoro gumu linafaa. Chukua kanga iliyofuliwa mara nyingi, kwa sababu mpya yenye dondo inateleza mikononi, uikunje kwa urefu iwe ukanda, uipitishe kwenye unyayo. Mama ashike ncha zote mbili na kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka kadiri unavyokwenda, hata ukiishia nusu ya njia, na nyuma ya paja ilegee polepole. Kisha akunje magoti yote mawili, nyayo zikanyage godoro, ainue nyonga kidogo na kuzishusha. Amalizie kwa kulala kimya dakika tano, mto ukiwa chini ya magoti. Msiikate sehemu hii kwa haraka ya kwenda kupika. Ila mto huo uondoke akimaliza: mzee anayelala usiku kucha na mto chini ya magoti, miezi ikipita goti hukataa kunyooka kabisa, na goti lisilonyooka huchechemesha kuliko linalouma.

Yapo ya kukataa hata mwalimu wa kwenye simu akisisitiza. Kukunja miguu na kukalia nyayo, kukaa juu ya visigino, kuchuchumaa mpaka chini, kuzungusha magoti mlivyofundishwa shuleni: yote hayo humkandamiza au kumpinda mahali panapouma. Mwenye presha asiinamishe kichwa chini ya kiuno na asizibe pumzi. Mwenye mifupa myepesi, hasa aliyewahi kuvunjika mkono au uti wa mgongo kwa kuanguka kidogo tu, asiinamie mbele kwa kupinda mgongo wala kujipindua kwa nguvu. Aliyewekewa nyonga au goti la bandia amuulize daktari wake kwanza.

Mtaniuliza, je, akisema panauma? Maumivu madogo wakati wa zoezi, yanayotulia muda mfupi baada ya kumaliza, hayadhuru. Kipimo chenyewe ni kesho yake asubuhi. Goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguzeni nusu, msiache. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, na mwili una homa, hilo si la yoga wala la kusubiri. Ni la hospitali siku hiyohiyo. Vilevile goti linalokwama lisikunjuke, mguu usioweza kukanyaga baada ya kuanguka, na shavu la mguu lililovimba na kuuma upande mmoja. Na akikakamaa viungo vingi kila asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, mikono na vidole vikiwemo, apimwe, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine wa viungo unaohitaji dawa zake mapema. Huu wetu ugumu wa asubuhi kwa kawaida haufiki nusu saa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mtoto anatuma fedha, ndugu wa nyumbani anakwenda duka la dawa, ananunua diklofenaki, mama anameza asubuhi na jioni, mwezi hata mwezi, huku anatumia na dawa za presha. Dawa hiyo inatuliza kweli. Lakini kwa mzee, na kwa muda mrefu bila daktari, inachubua tumbo mpaka linatoa damu, inaumiza figo, inapandisha presha na kuuweka moyo hatarini. Nimewapokea kina mama walioletwa kwa ajili ya goti, kumbe wanahitaji kwanza kupimwa damu na figo. Muulizeni daktari juu ya ile ya kupaka, ambayo kwa goti mara nyingi inasaidia na madhara yake ni madogo. Dawa itumike kumpa mama nafuu ya kuweza kusogea, na kipimo chake kijulikane na mtu aliyesomea. Na goti likifika mahali hata usiku halimwachi alale, upasuaji wa kuweka goti la bandia upo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni mojawapo ya panapofanyika hapa nyumbani. Hata huko, anayeingia na mapaja yenye nguvu huinuka haraka baada ya kisu.

Na nyie wenyewe, binti zangu hasa, msidhani nawazungumzia wazee tu. Uzito una hesabu kali gotini. Katika utafiti wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye ugonjwa huu, kila kilo moja iliyopungua mwilini ilimpunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Na huko Framingham, Marekani, watafiti waliofuatilia wanawake kwa miaka mingi waliandika mwaka 1992 kwamba waliopunguza kilo tano hivi ndani ya miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupata ugonjwa huu wa goti. Kilo tano. Sisemi mjinyime au mchukie miili yenu. Nasema soda ya kila siku na bodaboda ya mwendo wa dakika kumi vina deni litakalodaiwa. Na wewe unayecheza mpira au netiboli, ukisikia goti limelia na kuvimba siku hiyohiyo, usifunge bendeji ukarudi uwanjani Jumamosi. Kwa wastani, nusu ya waliokatika ukano mkubwa wa ndani ya goti au kuchanika gegedu la kati huwa na ugonjwa huu miaka kumi hadi ishirini baadaye. Ukiumia na miaka ishirini, unaweza kuwa na goti la bibi yako ukiwa na arobaini. Utibiwe, ufanye mazoezi ya kurudisha paja mpaka mwisho, ndipo ucheze.

Turudi kwa mama. Kuna namna ya kumwalika, na ukikosea mlango hataingia. Usimwambie "mama, unatakiwa ufanye yoga." Mwombe msaada: mwambie mgongo wako unakusumbua kwa kukaa ofisini, umeambiwa unyooshe viungo, na unataka mwenzio. Mama hakatai kumsaidia mtoto, na mgongo wako unaihitaji kweli. Kama kuna majirani wawili watatu wenye magoti ya namna hiyo, waalikeni, wakae duara barazani kila mtu na kiti chake. Nimeona kina mama ambao peke yao wasingeinua mguu hata mara moja, wakiwa kundi wanashindana kuhesabu.

Mrudishieni na kazi zake. Achambue mchele akiwa amekaa kiti cha kawaida na ainuke mwenyewe kuupeleka jikoni. Aende dukani kwa miguu na mkwaju wa kuegemea, aushike mkono wa upande wa pili wa goti bovu, kwa sababu hapo ndipo unapopunguza mzigo. Wengi huushika upande uleule unaouma. Apande ngazi akitanguliza mguu mzima, ashuke akitanguliza mbovu. Mkiona anachelewa, mwacheni achelewe.

Wiki ya nane au ya kumi maumivu yakipungua, hapo ndipo nyumba nyingi huacha. Mama anasema amepona, mtoto ana shughuli, kiti kinarudi mezani. Paja halina akiba ya muda mrefu. Likiachwa linanyauka tena, na uzeeni linanyauka upesi. Wekeni saa maalumu, iwe baada ya alasiri au kabla ya taarifa ya habari, na igawiwe kwa watoto kwa zamu, mjukuu mkubwa naye awemo.

Na nyie mlio mbali, Muscat, Doha, London, au Dar tu wakati mama yuko Korogwe, mnaotuma fedha za dawa kila mwisho wa mwezi na kuuliza kwenye simu "goti linaendeleaje?" na mama akajibu "namshukuru Mungu" ili asikutie wasiwasi, fanyeni hivi. Pigeni simu ya video saa ileile ya mazoezi. Mwekeeni simu juu ya stuli mbele ya kiti chake. Nawe ulipo vuta kiti, kaa mbele, nyoosha mguu, mwambie, "Mama, tuhesabu pamoja." Mara tano kuinuka, mara tano kuketi, yeye akiwa wa kuhesabu kwa sauti. Mkimaliza, mpeane habari za nyumbani.